Maji Niliyoyameza

Kutoka gogo la kuvukia mfereji mpaka mlango wangu ni hatua arobaini. Kutoka gogo hilo hilo mpaka mlango wa Peris ni hatua kumi na mbili. Hesabu hiyo sikupewa na mwalimu, ingawa nilisoma pale mission mpaka darasa la nne, nikatoka najua kuhesabu, kuandika barua, na nyimbo tatu za kuzikia watu. Niliihesabu mwenyewe kwa sikio, jioni za mwisho wa mwezi, nikiwa jikoni kwangu Wusi nikimngoja mume wangu apande mlima kutoka Voi.

Stephen alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia pale stesheni, ili treni ya Taveta iende Taveta na ya Mombasa iende Mombasa. Kwa miaka kumi na tisa hakupoteza treni hata moja. Mimi njia iliyonikosesha raha ilikuwa ile ndogo ya mawe, inayopita mlangoni kwa Peris, maana hiyo haikuwa na mtu wa kuigeuza.

Peris alikuwa mjane wa Obadiah, kaka yake Stephen, aliyekwenda vita vya Burma na badala yake ikarudi barua. Desturi yetu ya zamani, mjane hatoki nje ya boma. Ndugu wa marehemu humrithi, pamoja na shamba na mbuzi. Lakini sisi tulikuwa watu wa kanisa, na pasta alikuwa amesema mume mmoja mke mmoja, nami siku hiyo nilikaa benchi la mbele nikaitikia amina kwa sauti kuliko watu wote. Basi lile jambo likalala. Likalala tu, halikufa. Mama mkwe wangu alikuwa akilifunika blanketi kila jioni lisipate baridi.

Wanawake walioolewa boma moja huitana mke mwenzangu, hata kama kila mmoja ana mume wake. Ni utani wa kuchotea maji. Peris alikuwa akiniita hivyo kutoka mlangoni kwake kule chini, kwa sauti nzuri, na mimi nikiitika kwa meno. Yeye alikuwa na miaka arobaini, mimi arobaini na minne. Alizaa mara moja tu, binti aliyeolewa Mghange, na kifua chake kilikuwa bado kimekaa pale Mungu alipokiweka. Changu kilikuwa kimenyonyesha watoto watano, kikainama kuangalia njia.

Mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa pili, nilikuwa naoga nyuma ya migomba nikagusa kitu kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kama njugu mawe chini ya ngozi. Nikakibonyeza, hakiumi. Nikakisukuma, hakiendi. Na wazo lililonijia kwanza, Mungu anisamehe, halikuwa kifo. Nilisikia Peris anachota maji kule chini, anaimba, nikawaza: huyu sasa atabaki na mawili.

Sikumwambia mtu. Baada ya wiki moja nikamshika mkono kitinda mimba wangu, asiye na ugonjwa wowote, nikamwambia dresa wa dispensari mtoto anakohoa. Dresa akamsikiliza kifua akasema huyu mzima. Nikamwambia basi nisikilize mimi. Huyo dresa alikuwa kijana wa Ronge, mpole, na aliponigusa akarudia mara ya pili. Akaniandikia nipande hospitali kwa daktari Mzungu.

Yule daktari alikuwa na Kiswahili cha kuazima. Akanibonyeza titi, akanibonyeza kwapa, akanawa mikono. "Hii kitu mbaya, mama," akasema. "Iko kensa. Kata yote, upesi."

Mengine nilielezwa na msaidizi wake. Ugonjwa ulikuwa bado umejifungia chumba kimoja. Wenyewe walikuwa wanaita titi chumba, na kwapa mlango. Nikikatwa Mombasa kabla haujafungua ule mlango, ningeweza kuishi mpaka niwachoshe watu. Ukifika kwapani, kisu hakisaidii. Akanipa barua na kuniambia nisipitishe mwezi. Nikamwuliza, likishakatwa hapo panabaki nini. Akasema kovu. Nikamwuliza, na mume je? Akasema hilo hawakufundishwa.

Mwisho wa mwezi Stephen akapanda. Hatua kumi na mbili hakugeuka, arobaini akafika. Nikamwambia baada ya chakula, huku nimeutazama moto. Yeye alikuwa mtu wa neno moja asubuhi na moja jioni, na jioni ile hata hilo moja lilimkwama. Baadaye akaniuliza kama linauma. Nikasema hapana. Akasema ataomba pasi ya reli, nisafiri.

Mpaka hapo nilikuwa nimekubali kwenda. Asubuhi mama mkwe akapanga nyumba. Hospitali ni wiki tano au sita, akasema, na watoto hawawezi kula barua ya daktari. Peris atahamia kwangu. Atapika kwenye mafiga yangu, atakamua mbuzi wangu, na kwa vile Stephen sasa angepanda kila Jumamosi kuleta habari za mgonjwa, atamtengea chakula. Alisema hayo yote akitabasamu kwa jicho lake moja zima. Nikapiga hesabu. Jumamosi sita. Tena hapo hakuna hatua kumi na mbili wala arobaini za kusikiliza, mtu ameshawekwa ndani ya nyumba.

Siku hiyo nilimwona Peris akipita na mzigo wa kuni, nikaona mpaka shingo yake ina makosa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa ajili ya vijana waliozaliwa na redio. Wazee wetu walijua kwamba hasira ya mtu wa nyumbani, akiificha moyoni, humdhuru mwenzake. Si uchawi, ni hasira tu, imekaa ndani kama moshi usio na dirisha. Dawa yake ni kutasa. Watu wa boma hukaa pamoja, kila mmoja huchukua maji kinywani, huyarusha nje kama mvua ndogo, na husema: kama ni mimi niliyekuwa na hasira, itoke, mgonjwa apone. Zamani walitumia pombe ya miwa. Sisi wa kanisa tulitumia maji, tukatanguliza sala, ili Mungu asione tumempita barabarani.

Mama mkwe akasema mwili haukatwi kabla moyo haujasafishwa. Mtu akienda chini ya kisu na hasira ya boma juu yake, kisu kitaisikiliza hasira. Stephen akasema mwezi wa daktari unakwenda. Mama yake akamjibu kwamba kutasa ni kazi ya asubuhi moja. Basi Jumapili, baada ya kanisa, tukakaa uani kwake, tukielekea jua: mama mkwe, Stephen, Peris, mimi, na binti yangu mkubwa Mable wa kushika kibuyu.

Mimi nilifurahi, nawaambia kweli. Nilijua hasira ni ya nani. Nilijua nani anatamani nife ili arithi aliyebaki. Nikasema kwa upole mwingi, nimekunja mikono kama picha ya malaika, kwamba labda Peris atangulie.

Peris akachukua kibuyu. Akajaza kinywa, akarusha maji, yakang'aa kidogo kwenye jua, yakaanguka vumbini. Halafu akasema, bila kutazama mtu.

"Kama ni mimi, itoke. Nimemwonea wivu mke mwenzangu. Kila mwisho wa mwezi nasikia viatu kwenye mawe, na moyo wangu unasimama, nadhani ni Obadiah. Halafu vinapita. Itoke, yeye awe mzima."

Mama mkwe akafuta jicho. Stephen akaangalia viatu vyake kana kwamba vimefanya kosa. Watu wema wangelainika hapo. Mimi nilichosikia ni kimoja: na yeye pia huhesabu. Miaka yote hiyo nikidhani jioni ile ni yangu peke yangu, kumbe tuliisikiliza wawili, na yeye amekaa karibu zaidi.

Stephen akatasa, maji machache, maneno machache. Mama mkwe akatasa, akamtaja kila mtu mpaka mbuzi. Kibuyu kikanifikia. Mgonjwa naye hutasa, maana anaweza kuwa ameikalia hasira mwenyewe.

Nikajaza kinywa. Yalikuwa maji ya mfereji, baridi, yana ladha ya majani. Kilichobaki kilikuwa kuyarusha na kusema maneno. Nikainua macho nikamwona Peris. Alikuwa ameloa mashavu, pua imevimba, na bado amependeza. Mimi nikilia hufanana na kiazi. Koo langu likakata shauri lenyewe. Nikayameza.

Nilidhani hakuna aliyeona. Nikasema haraka yale maneno, kama ni mimi itoke, nikarudisha kibuyu. Lakini lile jicho la mama mkwe, ambalo siku za kupepeta mahindi halioni jiwe, siku hiyo liliona koo langu likipanda na kushuka.

"Ameyameza," akasema.

Nikasema ni ajali, nilikuwa na kiu. Akasema mtu hana kiu ya hasira yake. Akaikunja shuka yake akasimama, akasema mimi siendi Mombasa mpaka niyateme niliyoyameza, mbele ya mtu, na kwa jina. Stephen akajaribu. Yule aliyegeuza treni nzima yenye mabehewa thelathini hakuweza kumgeuza mama yake hata kidole. Na mimi, ambaye miaka kumi na tisa sikuwahi kukubaliana na mama mkwe hata juu ya chumvi, nikainamisha kichwa nikasema mama amesema, tumsikilize. Stephen alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda mnazi.

Jumatatu akateremka Voi na pasi yangu mfukoni.

Daktari alinipa mwezi, mama mkwe akauchukua nusu, na mimi nilimsaidia kuubeba. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Kila asubuhi nilimwona Peris akivuka gogo, mgongo umenyooka, mtungi kichwani haujamwaga tone, na maneno yakarudi chini. Maana ningesema nini? Kwamba namwonea wivu kwa kifua chake? Mama wa watoto watano, mwimbaji wa kwaya? Afadhali nife na heshima, nikawaza. Halafu nikawaza nikifa na heshima, nani atakula Jumamosi na Stephen. Hapo nikawa sina pa kukanyaga.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa. Njugu mawe ikawa yai la njiwa. Ngozi juu yake ikaingia ndani kama kitovu. Na asubuhi moja nilipoinua mkono kutundika kikapu, kwapa likavuta. Si maumivu, kuvuta tu, kama mtoto anayekushika nguo. Nikakaa chini pale pale. Nilikumbuka mlango. Nikaogopa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili sikumfikiria Peris kwa muda wa kutosha kuchemsha chai.

Nikaamua kujitibu. Watoto walikuwa shule isipokuwa Mable, na Mable nilimtuma shambani. Nikafunga mlango wa jikoni, nikajaza kinywa, nikayarusha kwa nguvu zote, nikasema maneno yote na majina yote. Sikuwa nimetazama ninakoelekea. Maji yalitua kwenye mafiga. Moto ukasema fyuu, ukafa, jivu likanirukia usoni.

Kibiriti kilikuwa kimekwisha tangu Jumanne. Jiko lililo karibu lenye moto saa nne asubuhi lilikuwa moja, nanyi mnalijua. Mable aliporudi nikamtuma na kigae akaombe makaa. Lakini hakurudi yeye. Alikuja Peris mwenyewe, kigae mkononi, maana mwanamke yeyote wa kwetu atataka kujua jiko la mwenzake limezimikaje saa nne asubuhi.

Akayatazama mafiga yaliyoloa. Akaitazama sura yangu yenye jivu. Nikamwambia paa linavuja.

"Mvua haijanyesha wiki tatu," akasema. Akachuchumaa, akayapanga makaa, akapuliza. "Umetasa peke yako, mke mwenzangu. Peke yako haifai. Ni kama kujichapa kiboko, mkono unakuwa mwepesi."

Akapuliza tena mpaka vijiti vikashika.

"Unaogopa nitamchukua Stephen."

Nikasema hapana, kwa sauti ya mtu anayesema ndiyo.

"Basi nisikie. Ukifa watanipa. Mama ameshaniambia nianze kusuka mkeka mpana. Na mimi simtaki."

Mtu anaweza kuumwa kensa na bado akaumwa na neno. Nikamwuliza hamtaki kwa nini, ana kasoro gani.

"Anakoroma," Peris akasema. "Mimi niko kwangu kule chini, namsikia. Anakula kunde anaziangalia moja moja kama anatafuta ndugu yake. Na ukimpa habari ndefu anakujibu 'hmm'."

Nikamwambia kukoroma kumeletwa na moshi wa treni. Nikamwambia na kunde zina mawe, tena hasa zile za shamba lake. Nilikuwa nimesimama, mikono kiunoni, namtetea mume wangu kwa mwanamke asiyemtaka. Peris akaanza kucheka, akashika figa asianguke, akaungua kidole, akaendelea kucheka.

"Lakini ulisema mbele ya mama," nikamwambia. "Ulisema unasikia viatu."

Akaacha kucheka. Akanyonya kile kidole.

"Nilisema viatu. Stephen sikumtaja, nilimtaja Obadiah." Akasukuma kijiti motoni. "Miaka kumi na tatu nalima ninachotaka. Nikichoka nalala, tena nalala katikati ya kitanda. Mwisho wa mwezi namlilia Obadiah kidogo, asubuhi naamka. Nikipewa mume leo nitaanza tena kupika kwa saa ya mtu mwingine, na mama juu ya kichwa. Nenda ukakatwe, Mama Mable. Usipokwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu."

Niseme wivu uliniisha? Uliongezeka. Katikati ya kitanda! Mimi tangu niolewe nilikuwa nimelala ukutani, goti la mtu mgongoni kila mwisho wa mwezi, na watoto kwa zamu siku zilizobaki. Nilikuwa nimemwonea Peris wivu kwa vitu vyote isipokuwa kile kizuri kuliko vyote.

Kata ya maji ilikuwa karibu. Nikajaza kinywa. Safari hii sikutazama pua yake wala macho yake, nilitazama moto nisiuzime tena, nikageuka, nikarusha. Jikoni kwangu kulikuwa kudogo na Peris alikuwa amekaa njiani. Yalimpata kuanzia paji la uso mpaka kiunoni.

"Kama ni mimi, itoke," nikasema. "Namwonea wivu Peris. Kifua chake kilichokaa sawa. Sauti yake. Hatua kumi na mbili. Kitanda chake. Itoke."

Akajipangusa kwa kiganja. "Itoke," akaitikia. "Lakini ingetoka kidogo kidogo."

Yeye ndiye aliyekwenda kwa mama mkwe kushuhudia, amelowa vile vile. Bibi akaipapasa blauzi, akainusa, akauliza kama jina lilitajwa. Peris akasema lilitajwa, na vitu vinne. Mama mkwe akasema basi ni sawa, alikuwa amehesabu vitatu tu.

Kesho yake nikashuka na lori la mboga. Voi kulikuwa na askari wakiuliza kila mtu karatasi yake, ilikuwa miaka ya Emergency, hali ya hatari. Nikamwonyesha mmoja barua ya daktari. Akaisoma, akanitazama kifuani, akanirudishia haraka kama imemchoma. Stephen alinipandisha behewa la tatu, akanipa mkate na neno la asubuhi, akaenda kazini. Treni ilipoondoka nilichungulia dirishani nikamwona amesimama kwenye chuma chake cha kugeuzia, mikono yote miwili juu yake, amekaza. Hakunipungia, mtu wa reli hapungi akiwa kazini. Lakini njia ilikaa sawa, na treni yangu ikaenda Mombasa.

Ya hospitali sitayasema mengi. Nililala nikiwa na mawili nikaamka na moja. Kwapani walikuta punje moja, ndogo kama mtama, wakaitoa nayo. Daktari wa huko aliniambia ule mlango ulikuwa umeshagongwa, ila haujafunguliwa. Aliniuliza kwa nini nilichelewa wiki tatu. Nikamwambia nilimeza maji. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Nililala pale Jumamosi tano, na zote tano nilizikesha kwa hesabu.

Niliporudi, jambo la kwanza nililofanya si kusalimu watu. Niliingia jikoni. Kila chungu kilikuwa pale nilipokiacha, mwiko kwenye msumari wake, na hilo likanitia shaka zaidi. Nikamwita Mable, nikamwuliza baba yake Jumamosi alilala wapi. Akasema na wavulana. Alikula nini? Kunde. Aliziangalia moja moja? Mable akasema ndiyo, mpaka Peris akamwambia kama anatafuta mawe aende mferejini, yako mengi. Nikasikia raha ikinishuka mpaka kwenye mshono.

Peris alikuwa ameniandalia zawadi. Alishona kifuko cha kitambaa, akakijaza kunde, nikivae upande wa kushoto ili blauzi ikae. Ulikuwa ukarimu, sikatai. Lakini alikuwa amepima kwa lake. Jumapili nilikwenda kanisani upande mmoja mama wa watoto watano, upande mwingine msichana wa kipaimara. Na kila nilipoinama kusali zile kunde ziliita, shaa, shaa, mpaka pasta akadhani ni mvua. Mvua yenyewe ilipokuja kweli ilinikuta njiani, ikanilowesha. Siku ya tatu nikahisi kitu kinanichokonoa, nikafungua, zimechipua. Usipoamini shauri yako. Nikazipanda kando ya mfereji, na kifuko nikakijaza sufi, kwa kipimo changu.

Stephen alipanda mwisho wa mwezi huo. Nilikuwa nimeogopa jioni hiyo kuliko kisu. Nilijiweka gizani pembeni ya moto, upande wa kovu ukutani. Yeye akakaa upande huo huo, kati yangu na ukuta, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Akaniwekea mkono juu ya bega la kushoto, mzito, una harufu ya grisi. Akasema neno lake la jioni.

"Umerudi."

Usiku ule nilimwambia yeye ndiye atalala ukutani. Hakuuliza.

Mwezi uliofuata nikasikia viatu kwenye gogo. Nikatoka mlangoni kabla havijapita, nikampigia kelele kwamba ile sukari aliyoleta, pakiti moja ampelekee Peris, tena asimtume mtoto. Akasimama, akasema hmm, akageuka. Nikarudi jikoni nikakaa, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu. Kumi na mbili, vikafika. Hodi. Karibu. Viatu vimesimama mlangoni kwake, havipiti. Ishirini. Thelathini. Najua alikuwa ndani anavisikiliza, na najua havikuwa vya Stephen masikioni mwake. Arobaini. Hamsini. Moyo wangu ulikuwa unagonga kwenye lile kovu kama mtu aliyekosea nyumba. Sabini na tisa, nikasikia jiwe la kwanza, vinarudi.

Alipoingia nikamwuliza Peris amesema nini. Akasema, asante. Nikamwambia mwezi ujao ampelekee chumvi.

Tukaendelea hivyo mpaka Stephen alipostaafu, kila mwisho wa mwezi, sukari au chumvi au kibiriti. Nilimpa Peris vile viatu mpaka themanini. Ikifika themanini na moja, nilikuwa nakohoa.